Tulivyojifunza Kuogelea Kwenye Dimbwi la Mihogo

Wenzangu mliokulia huku juu Kasulu enzi za kaptula zenye viraka makalioni, hebu niambieni: nani kati yenu alijifunzia kuogelea kwenye maji masafi? Nyoosheni mikono niwaone waongo.

Sisi wa bondeni kwetu tulikuwa na dimbwi letu. Kijito kilizuiwa kwa mawe na magogo ya migomba, matete yakalizunguka pande zote, upepo haufiki, maji yametulia tuli. Ungelipiga picha leo ukaiweka mtandaoni, watu wangeuliza kiingilio ni bei gani. Tatizo lilikuwa moja tu: ndimo mama zetu walimoloweka mihogo. Mihogo inakaa mle siku kadhaa mpaka ilainike, ndipo itolewe, ianikwe, itwangwe, tupate ugali. Na muhogo uliolowa unanuka. Wanaoijua harufu ile wanatabasamu sasa hivi. Wasioijua siwezi kuwasaidia.

Kuoga mle kulikatazwa kabisa. Tulitibua tope, likaingia kwenye mihogo, na baba akitafuna ugali wenye mchanga anaweka tonge chini na kumtazama mama. Mama hakuhitaji shahidi. Ukirudi jioni anakuita kwa upole, anakushika kichwa ungedhani anakubembeleza, kumbe ananusa. "Karibu, muhogo," anasema, na mkono wa pili tayari una fimbo. Tulijaribu kujipaka mawese ili kuficha harufu. Tukaishia kunuka mihogo ya kukaanga.

Basi tulipokuwa darasa la sita tukaletewa mwalimu kutoka Tanga, aliyefika na koti moja na hadithi nyingi. Alitusimulia juu ya wangwa wa kwao, mahali bahari inapoingia katikati ya miamba ikapumzika, na watu wanatoka mbali wakati wa likizo kuja kuogelea, tena wanalipa. Darasa zima tulimwonea huruma. Mtu alipe ili aoge! Joselina, rafiki yangu wa dawati moja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alininong'oneza, "Skola, huko na sabuni wanapewa?"

Siku moja mwalimu akatangaza kwamba muhula ukiisha tutapanda lori kwenda Kigoma, kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika iliyofanana na ule wangwa wake. "Ila asiyejua kuogelea atabaki mchangani kulinda viatu." Viatu vyenyewe, darasa zima, vilikuwa vya mwalimu.

Mimi dimbwini nilichezea ukingoni tu, kuogelea sikujua, na ziwa nililitaka kuliko nguo ya Krismasi. Joselina akanifundisha kwa siri dimbwini, siku ambazo mama hayupo wa kuninusa. Sasa, harufu ile huwezi kuivumilia pua ikiwa usawa wa maji, kwa hiyo watoto wote wa kwetu tuliogelea kwa mkono mmoja; wa pili ulibana pua. Hatukujua kama kuna namna nyingine. "Piga mateke, Skola!" Joselina alinihimiza. "Bana pua, bana kabisa, ukivuta harufu hiyo unazimia!" Nikapiga mateke mpaka nikaelea.

Mambo yakaharibika wiki ya safari. Shule iliomba mzazi wa kwenda kutupikia, na aliyejitolea ni mama yangu mzazi. Nikabaki njia panda. Nikikaa mchangani, ziwa nimelikosa. Nikiogelea mbele yake, atajua nilikojifunzia, maana kwetu hapakuwa na maji mengine. Ndani ya lori nilikaa katikati ya masufuria na kuni, ndizi niliyopewa ikanishinda.

Tulipofika, jamani! Maji yalikuwa meupe, unaona vidole vyako vya miguu. Watu wa likizo walijaa, wengine wamevaa kofia pana utadhani ungo. Mwalimu akatupanga tuogelee kutoka mwamba huu hadi ule. Darasa likaingia majini kwa heshima zote, kila mtu kabana pua.

Mama mmoja mwenye kofia akatutazama. Akanusa hewa. Akamnyakua mwanawe akatoka. Wa pili akafuata, wa tatu naye, ufukwe ukaanza kuvuma: "Kimekufa nini humo?" Mlinzi akaja mbio, akachota maji kiganjani, akayanusa kama daktari. "Toeni mikono puani, mnaniaibisha!" mwalimu alipiga kelele. "Maji haya hayanuki!" Waliotii wakaanza kuzama, maana huo mkono mpya hawakujua waufanyie nini.

Mimi bado nilikuwa ukingoni. Mama alikuwa kwenye mafiga, mwiko mkononi, ananiangalia. Nikasema, potelea mbali, fimbo nitaipata nikiwa nimeshaogelea. Nikajitupa. Katikati nikatoa mkono puani. Kwanza nikaunyoosha juu kama mtu anayeomba kujibu swali, kisha ukazoea kazi. Nilipoushika mwamba wa pili, nikageuka. Mama alikuwa ameacha sufuria, amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, kitenge kakikunja mkononi. Nyuma yake ugali unaungua. "Mama Skola, ugali!" mwalimu aliita. Hakugeuka.

Wakati wa kurudi aliniita nikae karibu naye. Nilijua yangu yameisha.

"Mana yanje, Skola," alisema taratibu, akimwita Mungu wake kwa Kiha. "Ulipokuwa pale katikati, mguu unagusa chini?"

"Haugusi, mama."

"Na huogopi?"

"Naogopa kidogo."

Akanifunika kitenge chake mabegani, lori likaanza kupanda milima. Kisha akasema, "Ukienda dimbwini kaa upande wa chini, maji yanapomwagikia nje. Tope lisiniingilie kwenye mihogo." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Likizo hii nimewapeleka watoto wangu kwenye ghuba ile ile, pamoja na bibi yao. Siku hizi kuna muziki na chipsi. Wanangu wamejifunza kuogelea kwenye simu. Walivaa maboya kwenye maji ya kiunoni, wakapiga picha, wakapaka mafuta ya jua, na kitindamimba akauliza kama maji yana wadudu. Lile dimbwi letu sasa limekauka, matete yamefyekwa, unga tunanunua dukani. Nimeikumbuka mpaka ile harufu, jambo ambalo sikutegemea kulisema maishani.

Mama alisimama ukingoni. Ndipo nikang'amua kwamba sijawahi kumwona akiingia majini kwa ajili ya kufurahi tu. Kwake maji yalikuwa mzigo wa kubeba kichwani. Nikamshika mkono, tukaingia polepole, nikamlaza chali juu ya mikono yangu mpaka miguu yake ikaachana na mchanga. Alipiga ukelele, akacheka, kisha akatulia akitazama mawingu. Watoto wakaita kutoka kwenye viti kwamba sahani za samaki aina ya migebuka zimeletwa na zinapoa.

"Kuleni tu," mama akawajibu, macho bado yako juu. Halafu kwa sauti ndogo: "We Skola, usiniachie."