Hotpoti ya Mbwa wa Mzee Njeru

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikianza kuisimulia mama yako hucheka kabla sijafika popote. Leo amekwenda mazoezi ya kwaya kanisani, kwa hiyo nitaisimulia kwa raha zangu. Vuta kiti ukae. Si hicho, hicho ni cha mbwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mikinduri, na nilijiona mwerevu kuliko mwalimu mkuu. Nilikuwa na baiskeli, saa ya mkononi na suruali mbili za kupigwa pasi. Mama yako Wawira alifundisha darasa la pili, msichana wa Embu, kutoka vilima vya Runyenjes. Nilimpenda mpaka chaki ilikuwa ikiniponyoka mkononi akipita dirishani. Tukaelewana kwamba nitakwenda kwao kumposa.

Hapo ndipo akanieleza habari za Bosi. Bosi alikuwa mbwa wa babake, Mzee Njeru, mbwa mzee mwenye sauti ya kutikisa mabati. Mzee alimwamini kuliko alivyowaamini watu. Mgeni aliyebwekewa na Bosi mfululizo aliagwa mapema, chai ikiwa bado moto. Wachumba wawili walikuwa wameshaagwa namna hiyo kabla yangu, na mmoja alikuja na tai. Lakini Bosi akikulalia miguuni, basi mambo yako yamenyooka. Nikamuuliza Wawira mtu anamfurahishaje mbwa kama huyo. Akasema, "Meno yamemwisha. Mpelekee kitu laini."

Maneno hayo niliyaamini kwa sababu nilikuwa nimeyaona mwenyewe. Mwezi uliotangulia nilikwenda kwao na walimu wenzangu kumpa pole mama yake Wawira, aliyekuwa ameteguka mguu. Nilikaa saa tatu nzima nikiwa nimeinua miguu juu ya ubao wa kiti, macho kwenye mdomo wa Bosi. Nikahesabu meno matatu, na moja lilikuwa mbele, nami sikuliamini hata kidogo. Mzee Njeru mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu wakati wote huo. Sisi tulipewa githeri, mahindi na maharagwe ya kutafuna, yeye akanywa uji na kula ndizi mbivu. Nikajiambia, huyu mzee ni mnyenyekevu kweli, anawaachia wageni chakula. Hebu fikiria, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha watoto wa watu.

Basi nikarudi Mikinduri, nikaanza kutafuta kitu laini. Nilimwazima mbwa mzee wa mwenye nyumba wangu nimfanyie majaribio, maana sikutaka kwenda ukweni kubahatisha. Mandazi yalimganda kwenye ufizi, akazunguka uwanja akijisugua mdomo kwenye nyasi. Ndizi za kuponda alizinusa, akaniangalia kwa huruma, akaenda zake. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa aliula wote, akaramba sahani, na asubuhi yake mwenye nyumba akaniita nikaona ngazi zake. Nilizisafisha mwenyewe, kwa maji na majivu, shule nzima ikipita barabarani.

Siku ya tano nikaenda buchani nikaomba maini, laini kabisa, yasiyo na mshipa hata mmoja. Yule muuza nyama akanitazama akaniuliza mke wangu amejifungua mtoto gani. Nikasema sina mke. Akauliza basi ni nani. Ningemwambia ni mbwa angenifukuza na kisu, kwa hiyo nikasema ni mgonjwa, hawezi kutafuna. Akasikitika sana yule mtu. Akachagua ini mwenyewe, akalitoa utando, akasema atamkumbuka mgonjwa wangu katika maombi. Nikalichemsha bila chumvi, nikalikata vipande vidogo, nikalowesha kwa supu yake, nikampa mbwa wa mwenye nyumba kijiko kimoja. Alinifuata hadi shuleni.

Sasa, unajua kwetu Wameru huwezi kwenda kumposa binti wa mtu bila lile bunda la miraa la heshima, vile vijiti vya kutafuna, lililofungwa kwa majani ya mgomba. Hata wazee wa kanisa hulipokea, maana kufunguliwa kwake ndiko kunakosema kwamba umesikika. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, alitaka kwenda kulichagua mwenyewe sokoni Kangeta. Kabla hajaenda aliniuliza, "Huyo mzee ni mtu wa namna gani?" Nikamjibu kwamba ni mtu mpole, ana mbwa mkali. Akangoja niendelee. Nikaanza kumweleza habari za maini. Akatikisa kichwa, akaenda, akarudi na miraa nzuri, nyekundu, iliyochumwa siku hiyohiyo.

Tukafika kwa kina Wawira siku ya Jumamosi. Bosi alitubwekea tangu langoni, na baba mdogo alikuwa tayari amejificha nyuma yangu. Nikafungua hotpoti, bakuli la mfuniko nililowekea maini yasipoe. Mwanangu, ile sauti ilikatika katikati. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akajitupa juu ya kiatu changu cha kulia akaanza kukoroma. Mama mkwe aliona, akatabasamu. Wawira aliona, akainamisha uso. Mimi kichwa kikavimba, nikaketi kama niliyekwisha kuoa.

Baba mdogo akasimama, akasema maneno ya heshima marefu na mazuri, akakabidhi bunda. Mzee Njeru akalipokea kwa mikono miwili. Akafungua majani ya mgomba taratibu, akachomoa kijiti kimoja cha miraa, akakigeuza huku na huku, akakirudisha. Halafu akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu bila kuweka mkono mdomoni. Ndani mlikuwa na ufizi mtupu na meno mawili ya chini, yaliyosimama mbalimbali.

Nilikumbuka uji. Nilikumbuka ndizi mbivu. Baba mdogo alinigeukia, akaniangalia, na tangu siku hiyo sijawahi kuangaliwa hivyo tena.

"Mwalimu," mzee akasema polepole, "haya maini ulihangaika nayo siku ngapi?"

"Wiki nzima, mzee."

"Mbwa wangu umemtafutia kitu laini wiki nzima. Mimi ninayeombwa binti umeniletea vijiti."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza, ningepata cha kujitetea. Nilimtazama Wawira, naye alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, nikadhani analia. Nikasema moyoni, basi, nimemkosa. Sijaogopa hivyo maisha yangu yote, hata siku uliyozaliwa. Nilitaka kupiga magoti niombe samahani, lakini kiatu kilikuwa bado chini ya mbwa.

Mzee akanyoosha mkono, akavuta ile hotpoti, akamwambia mkewe alete kijiko kisafi. Akala kijiko kimoja. Akamtupia Bosi kipande. Akala tena, akamtupia tena. Bosi akaamka, akakiacha kiatu changu, akaenda kumlalia mzee wake miguuni. Nyumba nzima tukawatazama, wao wawili wanakula. Walipomaliza, mzee alipangusa midomo na kuniangalia.

"Hayana chumvi," akasema. "Rudi mwezi ujao na hotpoti mbili. Moja utie chumvi."

Wawira akashindwa kuzuia, akacheka kwa sauti mbele ya wazee. Kumbe alikuwa akicheka muda wote ule. Niliporudi buchani kuomba maini mengi zaidi, muuza nyama aliuliza kulikoni. Nikamwambia wagonjwa sasa ni wawili, na safari hii nilisema karibu na ukweli.

Nimekusimulia habari hii kwa sababu ya jana. Ulikuja kutoka kwako mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, ukamletea mbwa wetu mikebe ya chakula laini kutoka duka la hukohuko, maana wiki nzima ulikuwa ukinipigia simu kuniuliza habari za meno yake. Nashukuru, amefurahi sana. Kisha mimi ukanipa mbavu za mbuzi za kuchoma. Nilizitazama. Mbwa akanitazama mimi. Mama yako akaenda kushikilia mlango wa jikoni asianguke kwa kicheko. Nimebakiwa na meno manne, mwanangu, na umekula nami mezani Krismasi mbili bila kuona.

Sikukasirika. Ila Jumamosi unakwenda kwa kina Wanja, mchumba wako, kujitambulisha, ndiyo maana nimekuketisha. Usinunue kitu bado. Muulize Wanja babake analala saa ngapi, anakunywa chai ya namna gani, sikio gani linasikia. Ukifika, acha kuangalia kile unachokiogopa, mwangalie mtu uliyemwendea. Mwangalie anavyokula, anachokiacha pembeni ya sahani, mahali anapoweka mkono akicheka. Mzee hatakwambia meno yameisha, wala goti linauma, wala hasomi tena maandishi madogo. Anaona haya, na anangoja uone mwenyewe. Zawadi iliyomsahau mwenyewe humuumiza kuliko kuja mikono mitupu, nami nililijua hilo nikiwa na kiatu chini ya mbwa.

Hizo mbavu zichukue, ukale na wenzako kazini. Mikebe ya mbwa acha, na ukipita tena pitia buchani uniletee maini, yenye chumvi.

Nenda salama. Mungu akufungulie nyumba ya kina Wanja. Akupe meno mpaka uzeeni, na siku yatakapokwisha, akupe mtoto atakayeona kwamba yamekwisha.