Vichwa Mia Mbili vya Askari

Notburga wa Bombambili, hapa Songea, hakuwahi kuogopa kitu. Nyoka alimsogeza kwa mwiko, na hapo Majengo, alikouza mitumba tangu biashara hiyo iliporuhusiwa, hata mgambo walimzunguka kwa mbali. Lakini mwaka ule alipoondoa nyasi juu ya nyumba ili aweke bati, alikuta darini kisanduku cha marehemu babu yake, Polikarp. Tangu siku hiyo akawa mwoga mpaka kuku wake mwenyewe walimhurumia.

Ndani hamkuwa na shanga wala sarafu. Zilikuwamo barua za Kijerumani, zimefungwa kwa kamba ya katani. Polikarp, kabla hajaota ndevu, aliwahi kumbebea mizigo Mzungu mmoja aliyezunguka nchi hii akiokota mawe, majani na vidudu, na kuandika habari zake kwao Ujerumani. Mzungu alipoondoka, barua alizojibiwa aliziacha kwa Polikarp.

Notburga alizipeleka kwa mzee Egidi, aliyekuwa mpishi wa mapadre miaka arobaini. Egidi alijua Kijerumani cha jikoni, na alichokuwa hakijui alikijazia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Dorine. Lete tuone." Akavaa miwani yenye mguu mmoja, akasoma huku kidole kikitambaa. Mara kidole kikagoma. "Mama Dorine, kaa chini."

"Nimeshakaa."

"Basi kaa zaidi. Huyu ni profesa wa huko kwao. Anasema: 'Ndugu yangu mpenzi, vile vichwa vya askari vimefika salama. Sasa nitumie mia mbili. Uvitie kwenye pombe kali visioze. Chagua wenye vichwa vikubwa. Viwiliwili si lazima.'"

"Yesu na Maria!"

"Ngoja. 'Mpongeze Polikarp wako. Hakuna anayewakamata vizuri kama yeye.'"

Notburga alimnyang'anya karatasi kabla hajaigeuza upande wa pili. Alirudi nyumbani mbio, na watu wa Bombambili wanaapa kwamba kivuli chake kilifika dakika kumi baadaye, kinahema.

Babu Polikarp! Aliyempakata, aliyemtafunia karanga kabla hajaota meno! Mia mbili! Notburga aliwaza ile mikono. Akawaza pia Jumamosi. Maana Jumamosi ile walikuwa wanakuja wazee kutoka Namtumbo kumposa binti yake Dorine, na baba wa kijana, mzee Bartolomeo, alikuwa na habari moja aliyoirudia kila penye watu. Babu yake alikuwa askari wa Mjerumani. Alitumwa huku Songea, hakurudi, na hakuna aliyeonyeshwa kaburi.

Alitaka kuchoma zile barua. Alipowasha kiberiti aliona kana kwamba macho mia nne yanamtazama toka jikoni. Akakizima. Akazificha chini ya gunia la maharage, na siku tatu hakupika maharage.

Jumamosi wakaja. Mshenga alikuwa nani? Egidi huyo huyo, amenyoa, amekaa kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Bartolomeo alikunywa maji, akashukuru, akatazama lile bati jipya. "Nyumba nzuri, mkwe. Ningependa babu yangu aone ukoo tunaoingia. Lakini ndiyo hivyo, alikuja huku na kichwa chake..."

Sahani ilimponyoka Notburga. Akapiga magoti.

"Mzee, nisamehe! Kichwa kiko Ujerumani! Kwenye chupa! Babu yangu ndiye aliyekikata!"

Bartolomeo aliinuka taratibu, fimbo mkononi. "Rudia, mama."

Hakuweza. Aliinua gunia, akampa Egidi barua. Egidi alisoma kwa sauti, vichwa, pombe kali, viwiliwili si lazima, na kwa kila neno Bartolomeo alizidi kuikamata fimbo. Dorine alikuwa analia mlangoni. Ndipo Egidi akageuza karatasi, upande ambao siku ile hakupewa nafasi ya kuusoma.

"'Ila mwambie Polikarp asiwavunje taya. Auingize ukoka kwenye kichuguu taratibu, wakishauma, auvute...'" Akasogeza karatasi karibu na miwani. "Kichuguu?"

"Soma tena," alisema Bartolomeo.

"Auingize ukoka kwenye kichuguu."

"We Egidi! Hao si mchwa? Wale wenye vichwa vyekundu, wanaolinda? Utotoni tuliwavua hivyo hivyo kwa ukoka!"

"Yeye kaandika askari," Egidi alijitetea. "Mimi nimesoma askari."

"Miaka arobaini umewapikia mapadre hao, sijui uliwalisha nini!"

Wakacheka, na Notburga akacheka akiwa bado chini, machozi yakimtiririka. Lakini Bartolomeo ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alikaa, akalaza fimbo magotini.

"Profesa anajua walipo mchwa mia mbili," alisema. "Barua nyingine zinasemaje? Zisome zote. Huenda babu yangu ametajwa."

Hofu ikarudi, ikakaa mahali pake. Kuku akapoa, ugali ukaota ngozi, Egidi anasoma. Mawe. Nyota yenye mkia. Vipepeo. Na kila alipotamka "askari", Notburga alimkatiza kwa sauti nyembamba:

"Wa miguu mingapi?"

"Sita."

Barua ya pili. "Wa miguu mingapi?"

"Sita, mama."

Ilipobaki moja, Egidi aliisoma kimya, midomo ikicheza, akaigeuza, akairudia. Notburga alishika mkono wa Dorine mpaka ukafa ganzi. Bartolomeo ndiye aliyeuliza, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye msiba.

"Wa miguu mingapi, Egidi?"

Egidi alivua miwani. "Sita," alisema. "Wote sita."

Bartolomeo alitazama nje, upande wa barabara ya Namtumbo. Kisha akavuta sahani ya kuku aliyepoa.

"Haya," alisema. "Tuanze na mahari."