Chukudu Zinazongojana

Shakila wa Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, ana miaka ishirini na sita, ana mdomo, na ana kompyuta iliyopasuka kioo pembeni. Kwa kompyuta hiyo ametengeneza mchezo wa simu: watu wanane, kila mmoja mahali alipo, wanasukuma chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zimejaa viazi, kutoka Rutshuru mpaka Goma. Kila anayefika, jina lake linaandikwa juu. Mimi Lucie, jirani yake, nimeucheza mpaka maharage yakaungua, na siombi msamaha.

Mchezo ulikuwa wa mtaani kwetu tu. Ijumaa ungefunguliwa kwa dunia nzima, na Shakila hakuficha sababu ya haraka yake. Kaka yake Yuma alikimbia vita mwaka jana, sasa yuko kambini Uganda. Tangu utoto walishindana kwa kila kitu, hata kumaliza ugali.

"Niko nataka kucheza naye tena," aliniambia. "Na nimushinde."

Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Jumatano tulifanya jaribio la mwisho uani kwao. Alimwalika Papa Sikuli, aliyesukuma chukudu ya kweli miaka ishirini. Mle mchezoni, kwenye mlima wa Rugari, mzigo wa Julien, kijana wa jirani aliyecheza nasi, ukapinduka. Sikuli akasimama kumngojea, na mara mchezo ukamtoa. Tukaanza upya, yakawa yale yale. Mara ya tatu akaiweka simu chini kama kitu kilichomtukana.

"Shakila, mutoto yangu, mashini yako inanifukuza juu ya nini?"

"Papa, ni sheria. Mutu akisimama nusu dakika, tunahesabu ameacha muchezo. Michezo yote iko vile."

"Miye sijaacha. Niko nangojea Julien! Kwa ile barabara, nani anapitaka mwenzake ameanguka? Weye ulizaliwa Goma ao wapi?"

Tulicheka hadi Mama Asumini, mama yake Shakila, akamwaga chai. Shakila hakucheka. Sheria ile aliinakili kwenye masomo ya mtandaoni ya watu wa mbali, bila kuifikiria. Kisha akashika kichwa: mtandao wa kambini hukatika kila mara. Chukudu ya Yuma ingesimama tu, naye angetupwa nje.

"Ningemufukuza ndugu yangu miye mwenyewe," akasema.

Siku mbili hakutoka ndani. Alifuta sheria, akaweka nyingine: chukudu iliyosimama, wenzake wanaweza kuisukuma.

Ijumaa saa kumi Yuma akaingia. Alianza kwa matusi ya kindugu, akatangulia, na pale Rugari mtandao wake ukakatika. Chukudu yake ikaganda. Shakila akampita. Goma ilikuwa mbele yake, ushindi mkononi, nasi tunampigia kelele aende. Msichana akageuza chukudu, akarudi mlimani. Alikuta wachezaji wawili wasiojulikana, sijui wa nchi gani, wamekwisha kusimama hapo. Wote wakaisukuma chukudu ya Yuma mbele yao mpaka Goma.

Mtandao uliporudi, Yuma alijikuta wa kwanza.

"Nimekushinda tena!" akaandika.

"Muongo mukubwa!" Shakila alipiga kelele, huku anajifuta machozi kwa kitenge cha mama yake.

Mama Asumini akamnyang'anya simu, akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa juu, kisha akayasoma tena: "Yuma amefika Goma."