Kikanyagio cha Benedicta

Watu wa Nyakahura humwita Scolastica Mama Redio, naye huitika bila kununa. Jina hilo alilipata Lukole, kule Ngara, miaka ile kambi za wakimbizi zilipokuwa na watu wengi kuliko miji yetu yote. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, anashinda ndani ya kontena na chombo cha mawasiliano, anaita malori ya maji na unga. Kambi zilishafungwa siku nyingi, ila ulimi wake umebaki kule kule. Asipokusikia hasemi "unasemaje?" Anasema "rudia." Akikuelewa anasema "nimekupata," na hapo ujue mazungumzo yamekwisha, nenda zako.

Mimi naitwa Pius, nachomelea vyuma kando ya barabara kuu: milango, madirisha, vitanda, majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nyumba ya Scola iko nyuma ya karakana yangu. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya moshi wangu kuingia kwenye nguo zake alizoanika, na hatujaumaliza. Nataka kueleza habari ya pikipiki yake kwa sababu watu wanaisimulia ovyo, na mimi nilikuwepo.

Ni Honda ya mbio, silinda nne, ya aina ile ambayo mwendeshaji hulalia tenki. Aliileta Lukole mzungu mmoja mhandisi wa maji. Alipohamishwa ghafla aliuza vitu vyake kwa wafanyakazi. Wenzake Scola wakanunua magodoro na majiko ya gesi. Scola akanunua pikipiki, na wakati huo hajui hata kuiwasha. Baba yake hakusema naye wiki nzima. Lakini alijifunza, na alipoolewa huku Biharamulo alikuja akiiendesha mwenyewe, amevaa suruali, bwana harusi amekaa nyuma ameshikilia kofia yake isipeperuke. Wazee wetu wa hapa bado hawajapona mshtuko ule.

Ilikuwa furaha yake mpaka mwaka 2012. Siku hiyo alikuwa amembeba mdogo wake, Benedicta, aliyeolewa kijiji cha pili, njia ya kwenda Nyarubungo. Wanatoka mazishini, mvua imenyesha, na ng'ombe wa mnada wakavuka barabara bila mtu wa kuwatangulia. Scola akamkwepa ndama, wakaanguka. Yeye aliinuka na michubuko tu. Benedicta hakuinuka, kwa maana pikipiki ilikuwa imelilalia goti lake la kulia. Mfupa uliunga, lakini goti halijakunja mpaka leo. Mguu umenyooka moja kwa moja kutoka nyongani hadi kisiginoni.

Scola aliisukuma pikipiki mpaka stoo, akaifunika turubai, akaapa kwamba hatapanda tena maisha yake yote. Wakati huo mumewe alikuwa hai, alijaribu kumtuliza, akashindwa.

Sasa, kwetu sisi tuliotoka Ngara, na mimi ni mmoja wao, ukimkosea ndugu yako huendi kumwomba radhi mikono mitupu. Unabeba pombe ya ndizi, mnakaa, mnainywa kwa mrija mmoja, mnayamaliza. Scola akabeba kibuyu kikubwa, pombe ya siku tatu, nzuri kabisa. Kumbe Benedicta alikuwa ametoka hospitali na magongo mawili na wokovu. Ameokokea wodini, hata harufu ya pombe haitaki. Alimkaribisha dada yake kwa adabu, akakipokea kibuyu, akakiweka nje ya ua, na wapita njia wakasherehekea. Scola akarudi nyumbani bila kusema lile neno alilokwenda kulisema. Njia aliyofundishwa ilikuwa imefungwa, na nyingine hakuijua. Tangu hapo wakawa wanakutana misibani tu, wanasalimiana vizuri mno, kila mmoja anamwulizia mwenzake mazao. Ndugu wa tumbo moja hawaulizani mazao kwa heshima namna ile kama hakuna kitu.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Januari mwaka jana Scola akaja karakana, akasimama mlangoni akisubiri nizime mashine.

"Pius, naifufua pikipiki."

"Wewe si uliapa?"

"Niliapa. Sasa nataka Bene aipande. Akipanda nyuma yangu hata mara moja, nitajua amenisamehe. Asipopanda nitajua pia."

"Yeye anasemaje?"

"Hajui."

Nikamwambia ukweli, kwa sababu mimi sijui kupamba maneno: kiti cha nyuma cha pikipiki ya mbio kinamkunja abiria magoti yafike kwapani. Goti lisilokunja utalipeleka wapi? Akasema ndiyo sababu amekuja kwangu. Akakataza pikipiki isitoke uani kwake, kwa hiyo kila jioni nilibeba mashine yangu na waya mrefu nikamfuata.

Tulipofungua mfuniko wa tenki tulikuta maharage. Tenki zima, maharage yaliyochanganywa na jivu, kama tunavyohifadhi mbegu. Mama yake Scola, Bibi Francisca, alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha, wala hakushtuka.

"Chombo cha chuma, kinafungwa kwa ufunguo, panya haingii, dumuzi hawaingii," alisema. "Na yenyewe irikuwa imerara tu, mwanangu. Mritaka nikiache kitupu?"

Scola alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Na kusema kweli yule bibi alituokoa. Jivu kavu lilikuwa limekunywa unyevunyevu wote. Ndani ya tenki hapakuwa na kutu hata kidogo. Lakini jivu hilo hilo likatutesa. Tulisuuza tenki kwa mafuta ya taa na kokoto tukadhani tumemaliza, kumbe vumbi limeshuka hadi kwenye kabureta, na kabureta zenyewe ziko nne. Pikipiki ikawa inakohoa mara mbili na kuzima. Scola akazifungua zote juu ya mkeka, akazibua vitundu vyake kimoja kimoja kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani imeshuka puani, na hataki mtu amsaidie. Ilimchukua wiki mbili. Siku ilipowaka na kuendelea kuunguruma, kuku walikimbilia shambani na Bibi Francisca akaziba masikio, na mimi, mtu mzima, nikajikuta napiga makofi.

Mengine yalikuwa mepesi. Makava ya pembeni yalikuwa yamepasuka. Yalikuwa yamefunguliwa yakatumika kama hori la kulishia mbuzi. Tuliyashona kwa waya mwembamba, tukayapaka gundi, yakabaki na makovu yanayoonekana, na Scola akatukataza tusiyafiche kwa rangi. Matairi yalikuja na basi kutoka Mwanza. Usukani wake wa asili uko chini sana, na mgongo wa Scola haukubali tena kulala, kwa hiyo nikamfungia usukani mrefu wa bodaboda. Ikawa pikipiki ya mbio yenye pembe. Vijana wa kijiweni walicheka, Scola akawaambia waje wanunue yao.

Kazi yenyewe ilikuwa kikanyagio. Vipimo vya mguu wa Benedicta tulivipata kwa Bulugu, bodaboda wa Kisukuma, baba wa watoto watano, ambaye humpeleka Benedicta mnadani na nyanya zake. Wengine hawapendi kumbeba. Wanasema mguu ule unagonga watu. Bulugu hana siri, kwa hiyo hatukumwambia ni vya nini. Scola alimwomba tu atuletee urefu wa mguu wa mdogo wake, naye akaupima kwa kuufananisha na fimbo yake alipokuwa anamshusha.

Nilitengeneza kitu kizuri. Bomba lililotoka kwenye fremu upande wa kulia, likateremka mbele, likaepuka ekzosi isimchome, mwisho wake kikombe cha kisigino kilichotandikwa mpira wa tairi. Siku kumi za kazi. Niliking'arisha kwa msasa. Scola alikaa kiti cha nyuma, akanyoosha mguu wake wa kulia, akasema, "Nimekupata," na nikalala usingizi mzuri kama mtu aliyejenga kanisa.

Ijumaa moja asubuhi tukasikia pikipiki inaingia uani. Alikuwa Bulugu, na nyuma yake Benedicta. Bulugu alikuwa ameshajumlisha mambo, fimbo na chuma na mlio uliosikika kijiji kizima, akaenda akamwambia kila kitu.

Kabla hata hawajasimama, mimi nikaona. Benedicta alikuwa amekaa upande. Miguu yote miwili iko kushoto, kitenge kimefungwa vizuri, mguu uliokakamaa umetokeza kuelekea majani ya kando ya njia. Amekaa jinsi wanawake wetu wote wanavyokaa kwenye pikipiki, jinsi ninavyowaona wakipita mbele ya karakana yangu kutwa nzima. Na kikanyagio changu kiko kulia. Nilimtazama Scola, naye alikuwa ameona. Amevaa suruali miaka thelathini, amesahau wengine wanakaaje. Mimi sina hata kisingizio hicho.

"Shikamoo dada," alisema Benedicta.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

Benedicta aliizunguka pikipiki akiburuta mguu wake, akasimama mbele ya chuma changu. Bulugu alizima injini yake ili asikie vizuri.

"Hiki ndicho cha kwangu?"

"Ndicho."

"Nikikanyage vipi? Nitanue miguu kama gunia la mkaa, mimi mama wa kanisa?" Hakupandisha sauti. "Siku ile tulipoanguka nilikuwa nimekaa upande. Kila siku nakaa upande. Hata sasa hivi nimekuja nimekaa upande. Dada, umemtengenezea mtu mwingine."

"Rudia," alisema Scola, kwa sauti ndogo, na sidhani kama alijua amelisema.

"Nasema umemtengenezea mtu mwingine. Mimi hukuniuliza."

Scola akashika kiti cha pikipiki. "Nilikuja kwako na pombe, nikakosea. Nikasema basi nitakuja na chuma, na hapo nimekosea tena. Bene, mimi sijui nije na nini."

"Ungekuja mikono mitupu. Nilikuwa nakusubiri wewe, sikusubiri kibuyu."

"Nilikuvunja mguu."

"Ndama ndiye aliyeingia barabarani. Hilo nililimaliza kule kule wodini." Sasa sauti yake ilianza kukwaruza. "Lakini ulipoifungia pikipiki stoo ulinifungia na mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda wapi bila wewe kunibeba? Sokoni, kliniki, kwa mama. Nani alikwambia sitaki kupanda tena? Uliapa peke yako, ukajiadhibu peke yako, na anayetembea ni mimi. Bulugu akiumwa natembea na mguu huu na kapu kichwani, na dada yangu ana pikipiki."

Scola alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata mumewe alipokufa hakulia mbele za watu. Alilia amesimama, mikono imening'inia, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe kwa miaka yote hiyo." Bibi Francisca alikuwa ameacha kazi yake barazani. Mimi nilijishughulisha na waya wa mashine usiokuwa na tatizo lolote, kwa maana macho yangu nayo yalikuwa yameanza.

Benedicta alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu kidogo, anavyofutwa mtoto.

"Nimekusamehe zamani. Nilikuwa nimebakiwa na hasira. Pius, una chaki?"

Tukampandisha kiti cha nyuma, upande. Akajisogeza mpaka akatulia, akauteremsha mguu wake kwa mshazari anavyotaka yeye, akaniambia hapa, hapana, chini kidogo, hapa. Nikaweka alama. Kisha nikachukua msumeno wa umeme nikakata kile kikanyagio changu cha siku kumi, na cheche zikaruka. Mahali pake kushoto nikafunga ubao wa chuma na wavu wa kuzuia nguo zisiingie kwenye mnyororo, vitu nilivyovitoa kwenye bodaboda mbovu iliyolala karakana kwangu. Kila bodaboda hutoka kiwandani na vitu hivyo. Nimevichomelea mara nyingi sana, na hakuna siku nilijiuliza ni vya nani.

Umeme ulikatika katikati ya kazi, ukarudi saa tisa. Saa kumi Scola alivaa kofia ngumu, akamvalisha mdogo wake nyingine. Alikaa mbele, akashika usukani mrefu, asiwashe.

"Bene, naogopa."

"Najua. Washa."

Walitoka uani polepole kiasi kwamba Bibi Francisca angeweza kuwafuata kwa miguu. Walipoingia lami, Benedicta alikuwa amemshika dada yake kiunoni kwa mkono mmoja na kitenge kwa mkono wa pili, mguu wake umelala juu ya ubao. Bulugu alisema sasa amepoteza abiria, lakini alikuwa anatabasamu kuliko sisi wote. Niliona raha ambayo sikuwahi kuipata kwa mlango wala dirisha.

Walirudi jua likiwa bado juu. Benedicta alishuka, akajinyoosha, akakung'uta vumbi.

"Mnada ni kesho," alimwambia dada yake. "Nitakuwa na makapu mawili ya nyanya. Usinicheleweshe."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijafungua karakana, nilisikia pikipiki ikitoka uani kwa Scola kwenda kumchukua.