Ubao wa Jeki, Njia ya Goweko

Hakuna mpumbavu kama dereva aliyeharibikiwa na gari mbele ya watu. Akiwa peke yake huenda akatumia akili. Lakini wakishuka watu watatu, wakamzunguka na kumwuliza "Vipi, fundi?", hapo hapo anafungua mfuniko wa rejeta maji yakiwa yanatokota, anavuta petroli kwa mdomo na sigara ikiwa sikioni, anajilaza chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki moja kana kwamba limejengewa nguzo. Akiungua, anasema ni mambo ya kazi. Akifa, tunasema ni mapenzi ya Mungu, na Mungu amezoea kusingiziwa.

Siwasemi ili nijitenge nao. Mimi sikuwa dereva. Nilikuwa kitu kibaya zaidi: yule anayesimama pembeni akiwa na mamlaka na saa mkononi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu walipokuwa wakitolewa kwenye mashamba yao na kupangwa kwa mistari kama miche ya tumbaku. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na chama kimoja cha wakulima pale Tabora kilinipa ukarani wa usafiri. Maana yake nilitunza funguo za malori, nikaweka kalamu mbili mfukoni, nikapata haki ya kumwamuru mwanamume aliyekuwa akiendesha magari tangu mimi navaa kaptula. Mwanamume huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, nilikula ugali wake, na kesho yake kazini nikamwita "dereva" mbele ya watu ili wajue nani ni nani. Hebu fikirieni kijana wa namna hiyo.

Shemeji alikuwa na ubao. Ulikuwa kipande kinene cha mninga, kimekuwa cheusi kwa oili, akikilaza chini ya kiti chake. Gari likipata pancha, alianza kutandika ubao ule chini, ndipo akaweka jeki juu yake, kwa sababu ardhi yetu ikinyeshewa haina uaminifu. Mimi niliona ni ushamba. Siku ya safari ninayoisimulia, asubuhi, niliuchukua bila kumwambia, nikaufanyia kazi niliyoiona ya maana.

Tulikuwa tunapeleka mbolea kwenye kijiji kipya upande wa Goweko, ambako mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua ghala. Mgeni huyo alitaka kiti. Si kiti cha hivi hivi, kiti cha kochi chenye mikono, kilichotolewa ofisini. Tukakipandisha juu ya mifuko ya mbolea, kikawa kinayumba, mguu mmoja unazama katikati ya mifuko. Nikautia ubao wa shemeji chini yake, kikatulia. Nikaamuru kifungwe kamba za katani, nikakifunika shuka. Abiria waliopanda juu ya mifuko walikaa wakikizunguka, wamejikunja, na hakuna aliyethubutu hata kukiegemea. Utingo nilimwacha mjini, kwa kuwa nafasi yake mbele niliitaka mimi.

Katikati yetu, kati yangu na shemeji, alikaa fundi cherehani mmoja wa Ng'ambo, Mzaramo, aliyekuwa na robota la kitambaa cha kijani cha kupambia jukwaa. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu waliteremka na pembe na nta mpaka pwani, wakatukanana na wenyeji wa huko, wakazikana, wakazoeana. Mtani akikutukana hukasiriki, na hata msibani ana ruhusa ya kufanya mzaha mbele ya maiti.

"Kaa sawasawa, mtani," shemeji alimwambia tulipotoka mjini. "Usije ukatapika humu."

"Nitapike nini? Tangu nishuke kwenye treni mnanilisha michembe, viazi vyenu vikavu. Tumboni nina ghala la mbao."

"Na bado unanenepa."

"Nimevimba, sijanenepa. Muulize daktari."

Nikaingilia: "Rudi basi kwenu ukale samaki."

"Nikirudi nani atawashonea suruali? Mtatembea na ngozi kama babu zenu. Ingawa wale walikuwa wanaume. Walipita njia hii na mizigo kichwani mpaka Bagamoyo, hakuna aliyepata pancha."

"Na babu zako wakawa wanawasubiri huko wamelala, wanapiga ngoma," shemeji akasema.

"Lazima! Mtu akileta mzigo, awepo wa kumpokea kwa furaha."

Tukacheka mpaka shemeji akapunguza mwendo. Nakumbuka hilo vizuri kuliko ninavyotaka.

Pancha ilitupata kwenye msitu wa miyombo, tairi la nyuma la kulia. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Shemeji alifanya kila kitu kama inavyotakiwa: alilisogeza lori pembeni mpaka pale ardhi ilipomruhusu, akavuta breki ya mkono, akatia gia, akaenda kuvunja matawi na kuyaweka barabarani mbele na nyuma, mbali kidogo, ili anayekuja atuone mapema. Kisha akainama kwenye kiti chake.

"Ubao wangu uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, juu ya mzigo, chini ya kiti cha mgeni.

Akaniangalia. "Napanda kuufungua."

"Usiguse," nikasema. "Ukikilegeza, kiti kitaanguka kwenye mbolea. Tafuta jiwe."

"Shemeji, jiwe si ubao. Na hawa watu washuke kwanza, tuteremshe na mifuko kidogo."

Abiria walisikia. Hakuna aliyetikisika. Ndiyo desturi yetu mpaka leo: aliyepata nafasi kwenye gari haiachi, hata gari likiwaka moto atauliza kwanza kama akirudi ataikuta.

"Nimekaa hapa tangu alfajiri," mama mmoja alisema. "Nikishuka, nani atanirudishia nafasi yangu?"

"Na mimi uzito wangu ni nini?" mzee mmoja akasema. "Mbolea ndiyo nzito."

Kila mmoja alijitoa kwenye hesabu kwa namna hiyo, na mimi niliyetakiwa kuwaamuru washuke, niliangalia saa. Kichwani mwangu nilimwona mgeni rasmi amesimama juani bila kiti. Picha hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Tunachelewa, dereva," nikasema. "Fanya hivyo hivyo."

Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na mshahara wake ulipitia mezani kwangu. Akaenda kutafuta jiwe.

Alipata moja bapa. Akaweka jeki juu yake, akapiga, lori likainuka likilalamika. Akatoa nati, akatoa tairi bovu. Kisha akafanya wanavyofanya madereva wote wakiwa hawana msaidizi: alikaa chini, akapitisha miguu chini ya gari, akaanza kuinua tairi la spea kwa nyayo na magoti ili alipachike. Pale ndipo alipohitajika utingo. Mimi sikuinama. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe.

Mtani alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Toka chini. Gari linakwenda."

Watu juu ya mifuko wakacheka. Shemeji, akihema, akajibu, "Likienda lidandie, mtani. Usije ukarudi Uzaramo kwa miguu."

"Toka, nakwambia. Linazama."

Mimi nami sikutaka kupitwa. Nikasema kwa sauti, ili hata wa juu wasikie, "Mzaramo akiona gari limesimama anasema linakwenda. Likianza kwenda, anadhani ni ngoma, anakata kiuno!"

Kicheko kikazidi. Nilijisikia bingwa.

"Wallahi naapa," mtani akasema, na watu wakacheka zaidi, kwa sababu kiapo cha mtani nacho ni sehemu ya mchezo. Akainama, akamshika shemeji makwapani, akavuta. Wakati huo jiwe likazama, likapasuka.

Mguu mmoja ulitoka. Wa pili ulibaki, na ile ngoma ya chuma inayoshika gurudumu ikauteremkia chini ya goti, ikaugandamiza kwenye udongo.

Hapo walishuka wote, na hakuna aliyeuliza nafasi yake. Mimi niliruka kumvuta shemeji, akapiga ukelele ambao sitauandika. Mtani akanisukuma kifuani.

"Usimvute! Fukueni!"

Yule mama aliyeogopa kupoteza nafasi alikuwa na jembe. Wengine walifukua kwa mikono. Wanaume wakaanza kutupa mifuko chini, wakakata kamba za kiti, kiti kikawekwa majanini, na ubao ukaletwa. Jeki ikasimama juu ya ubao, lori likainuka taratibu, na udongo laini uliotuangusha ndio pia uliotuwezesha kuufukua mguu ukiwa bado umeshikana na mwenyewe. Yote aliyoyaomba yule mtu, watu washuke, mzigo upunguzwe, ubao utumike, yalifanyika haraka kuliko ubishi wetu wa mwanzo.

Mtani alichana kitambaa cha jukwaa, akamfunga. Kijani kikageuka cheusi. Alipomaliza akaniambia, "Tukate miti, tumbebe hadi stesheni ya Goweko. Sasa hivi."

Kabla sijajibu, Landrova ya mgeni rasmi ikatokea, ikakwepa matawi, ikasimama. Kioo kikashushwa.

"Kuna nini, ndugu?"

Wakati ule sote tulikuwa ndugu. Lilikuwa neno rahisi, kila mtu alilimudu.

"Tumepata pancha, ndugu. Dereva ameumia vibaya."

"Pole sana. Kiti kiko wapi?"

Nilimwonyesha. Akaangalia nyuma ya Landrova, wamejaa viongozi na ngoma mbili. Wakabanana. Kiti kilipata nafasi.

"Mgonjwa tutamtumia gari," akasema. "Msimsumbue, msubiri hapo hapo."

Nani alikibeba kile kiti? Mimi. Nilikifuta vumbi kwa mkono wa shati langu, nikakipandisha, nikasema asante. Nilipogeuka, mtani alikuwa ameupakata mguu wa shemeji mapajani mwake, ananitazama.

"Tumbebe," akasema tena.

"Tumeahidiwa gari," nikamjibu. "Umesikia mwenyewe."

Tukasubiri gari la ahadi. Jua likahama kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Shemeji aliomba maji, kisha akaacha kuomba. Kila mara mtani alipoanza kusimama, nilisema tusubiri kidogo, maana niliona kuondoka ni kumfanya mkubwa kuwa mwongo. Mwishowe hakuniuliza. Alikata miti miwili, akaipitisha kwenye mifuko ya mbolea aliyoimwaga, wanaume wakaitia mabegani, wakaondoka naye. Nikafuata nyuma. Hakuna aliyetania kuhusu wapagazi.

Pale Goweko wafanyakazi wa reli walimweka kwenye kiberenge chao, wakatufikisha Tabora. Gari la ahadi, kama liliwahi kutumwa, linatafuta njia hadi leo.

Daktari aliniuliza mguu ulibanwa saa ngapi. Nilipomwambia, aliinua macho na kuniuliza tulikuwa tunafanya nini muda wote huo. Nikasema tulikuwa tunasubiri usafiri. Mimi, karani wa usafiri. Wakaukata chini kidogo ya goti.

Siku hizi nikiona lori kwenye jeki moja, watu wamejaa juu kama kunguru, dereva miguu yake iko chini ya gari, nasimama nawapigia kelele: shukeni, wekeni ubao, zuieni magurudumu ya upande wa pili, lazeni hata lile tairi bovu chini ya chesisi ili likianguka likutane na mpira, si mfupa. Wananiita mzee msumbufu. Kijana mmoja aliniambia, "Babu, jeki hii ya kisasa." Jeki ni ya kisasa. Udongo je?

Dada yangu hakunigombeza. Aliendelea kunipakulia chakula. Nilikwenda kwake kila jioni nikitoka kazini, kwa kuwa kazi sikufukuzwa. Nilisifiwa kwa kuwa kiti kilifika.

Jioni moja, shemeji akiwa ameshazoea magongo, nilifika nikasikia vicheko uani kabla sijabisha. Nikasimama nyuma ya ukuta.

"Mguu umeuacha Goweko," mtani alikuwa anasema. "Kwa hiyo wewe sasa nusu ni mwanakijiji wa kule."

"Ndiyo. Nimesikia wamenigawia nusu shamba."

"Nusu shamba kwa mguu ule? Ulikuwa na magaga mpaka jembe litavunjika!"

"Bora magaga. Wako hata fisi akiuokota ataurudisha kwa mwenyewe."

Dada yangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile. Nikapiga hodi, nikaingia.

Mtani akainuka, akanisogezea mkeka, akanipa mkono.

"Karibu, bwana karani. Habari za kazini?"

"Mzaramo," nikamwambia, nikijilazimisha kucheka, "bado hujarudi kwenu tu, unamaliza michembe ya watu?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemjua jana.

"Bado, bwana. Mungu akipenda, nitarudi."

Akakaa chini, akasubiri niseme kingine. Tusi la utani nililolingoja halikuja.