Jicho Langu Halikuwa Baya

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu nje ya mji wa Mutomo, watu walificha mbuzi wao nikipita. Walisema nina jicho baya. Nilikuwa na tabia ya kufinya macho na kukazia kitu mpaka nikitambue, kiwe mbuzi au mtu, na kwetu anayekutazama hivyo ndiye anayekudhuru. Dawa ilikuwa mate ya huyo huyo mwenye jicho.

Mara ya kwanza nilikubali. Jirani yetu, Mama Mutua, alinipeleka kwa kitoto cha mbuzi kilichoshindwa kusimama. Nikakitemea mate mgongoni. Kesho yake kikasimama, kikanyonya. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana kupona kwake kukawa ushahidi. Hata mimi niliamini.

Kisha mtoto mchanga wa Mama Mutua akashikwa na homa. Alikuja kwetu asubuhi, mtoto mgongoni.

"Ndinda, mtemee mate. Tafadhali, mwanangu."

"Sitemi."

"Kwani unataka afe?"

Nilijua nikitema tena nitakuwa yule wanayemsema, maisha yangu yote. Mama yangu alitoka jikoni akipangusa mikono. Nilidhani atanichapa. Akamgusa mtoto shingoni.

"Huyu anachomeka, Mama Mutua. Mate haitasaidia. Twende hospitali sasa hivi, na Ndinda tunaenda naye."

Hospitalini walimkuta mtoto ana malaria, wakamlaza. Tukingoja, mama alinituma nikasome namba ya chumba mlangoni. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa mbao. Daktari wa macho aliyekuwa akipita akasimama.

"Huyu msichana mmewahi kumpima macho?"

"Hapana," mama alisema. "Kwani ako na shida gani?"

Akaniketisha mbele ya ubao wa herufi. Ile kubwa ya juu niliiona. Zilizobaki zilikuwa ukungu.

Miwani ilikuja baada ya wiki kadhaa. Siku niliyoivaa, nilimwona Mama Mutua ng'ambo ya barabara, amembeba mtoto wake aliyepona, na uso wake umejaa hofu. Sikuwa nimewahi kuona jinsi watu wanavyonitazama. Sikuinamisha kichwa. Nilimtazama mpaka yeye akanisalimu kwanza.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba miwani ndiyo iliyofunga jicho langu. Waseme. Mama Mutua simlaumu, alitafuta uzima wa mtoto wake kwa njia aliyoijua. Kinachonikera ni kwamba kijiji kizima kiliogopa macho yangu na hakuna aliyeniuliza yanaona nini.

Kila mwaka napimwa macho, na binti yangu nampeleka pia. Mama mkwe huniuliza kwa nini namtafutia ugonjwa mtoto ambaye hajalalamika. Namjibu kwamba mimi pia sikulalamika. Nilidhani watu wote wanaona hivyo.