Asumini ya Kichupani

Mwezi uliopita nilitunga kikuba cha harusi ya mume wangu.

Sikujua. Nilikitunga kama ninavyotunga vya watu wote: asumini, mrehani, kipande cha mkadi katikati. Nikakifunga kwenye jani la mgomba kisinyauke, nikapokea ujira wangu na dua ya kheri.

Usiku ule kikalala kifuani kwa mwanamke niliyemtukana mchana kweupe mbele ya duka lake.

Tulieni niwasimulie. Na asije mtu kwenye koment akaniambia nimelogwa. Nimejiloga mwenyewe, kwa pua yangu.

Naitwa Mwanawema, mtu wa Wete. Kazi yangu ni harufu. Natunga vikuba, nachanganya udi, nawaandaa maharusi. Ukipita karibu yangu najua kanga yako umeifukiza leo au juzi. Watu walikuwa wakimtania Msellem, mume wangu, kwamba hata akila pweza njiani mkewe atajua.

Baba yangu aliondoka kwa kifua. Sigara. Siku za mwisho alikuwa hamalizi neno bila kukohoa.

Msellem alipokuja kuposa, baba alimwita kitandani.

"Mahari ni yake, mie sitaki kitu. N'apie tu kwamba hutovuta."

Msellem akaapa, mkono juu ya Msahafu. Baba akatushika mikono wote wawili, akalia. Haikupita muda tukamzika.

Kiapo hicho msikisahau.

Msellem alikuwa fundi simu, ana kibanda huko mjini Chake. Anatoka asubuhi, anarudi magharibi. Mpole, jamani. Nikiwa natunga, yeye anaokota asumini zilizodondoka mkekani, ananichomeka nyweleni moja moja. Hatukujaaliwa mtoto na hajanisema hata siku moja. Nilimpenda na bado nampenda, sitaki kuwadanganya.

Sasa, ile harufu.

Siku ya kwanza ilikuwa kidogo tu, kwenye kola ya shati. Asumini. Nikadhani ni ya kwangu. Nikainusa tena. Hapana. Ya kwangu inachumwa alfajiri, ina ubichi wa jani. Hii ilikuwa na utamu wa peremende.

Nikalifua shati.

Wiki zikasogea, harufu ikazidi. Ikaingia kwenye mto, kwenye ndevu, kwenye mswala. Ikafika hadi nikawa naisikia yeye bado yuko uani.

Kwetu sisi, mwanamme akirudi na asumini mwilini, mke haulizi ametoka wapi. Asumini hii hatujipaki kwa kwenda sokoni. Ni ya chumbani.

Na mkabala na kibanda chake lilikuwapo duka la Nahla. Ameachika, mzuri, anauza marashi na kanga. Nikaunganisha mwenyewe.

Jioni moja nikamuuliza wakati anavua viatu.

"Msellem, una nke mwengine?"

"We Mwanawema! Nke wapi?"

"Hiyo asumini ya nani?"

Akajinusa bega. Uso ukambadilika, hofu tupu. Nami hofu ile nikaisoma nilivyotaka.

"Sivyo unavyodhani," akasema.

"Basi nambie vilivyo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Macho yakamwendea ukutani, kwenye picha ya baba.

Kesho yake nikaenda Chake. Nilisimama mbele ya duka la Nahla nikamwaga kila nilichokuwa nacho. Mwizi wa waume, asiye haya, yote. Watu wakajaa. Yeye alikuwa anakunja kanga. Akanitazama.

"Dada, mie mumeo simjui zaidi ya salamu."

Nikamcheka.

Usiku nikadai talaka. Msellem aliniomba nisubiri, akaniomba tena, akalia mbele yangu. Nikamwambia, nitajie hiyo harufu ni ya nini, ninyamaze. Hakutaja.

Akaniacha, talaka moja. Nikabeba vitu vyangu nikarudi kwa mama, Bi Moza, kukaa eda.

Basi ndani ya eda hiyo ndipo akaja mama mmoja mtu mzima kuagiza kikuba cha harusi ya Ijumaa.

"Bibi arusi si mwari," akasema. "Usikizidishe asumini. Hapendi harufu kali."

Sikuuliza ni nani. Nilikuwa na huzuni zangu, nikashukuru kupata kitu cha kushughulisha vidole.

Siku chache baada ya harusi akapiga hodi Pandu, rafiki wa Msellem tangu utotoni. Kaniletea cherehani yangu iliyobaki kule. Akaitua barazani, akamsalimia mama, akaketi kupumua. Halafu akatoa kidude mfukoni, akakitia mdomoni, akavuta.

Moshi ukanijia usoni.

Asumini. Yenye utamu wa peremende.

Nilisimama, uzi ukaniponyoka.

"Pandu! Hicho n'nini?"

"Vepu tu, shemeji. Sigara ya umeme." Akakificha haraka, kama mtoto. "Samahani, hiki kichupa cha Msellem. Kaniachia, yeye kaacha."

Nikamwambia aseme yote, asinifiche hata moja.

Akasema. Baada ya kile kiapo hamu ya sigara ilimshinda Msellem, ila aliogopa pua yangu. Ndipo Pandu akamletea vepu kutoka Unguja. Maji yanakuja hayana ladha, mtu anajitilia mwenyewe. Msellem akachagua asumini, kwa sababu nyumba yetu ilinuka asumini daima. Akaamini itapotea ndani ya ile yangu.

"Mie n'limwambia, Msellem, matone matatu yatosha. Ladha ikizidi yakereketa koo, haivutiki. Hanisikii. Kila siku aongeza, mpaka kichupa chanuka kwa nje. Anakohoa huku anavuta. Aniambia, bora n'kereketwe, Mwanawema asinuse moshi."

Alizidisha ladha ili nisijue. Nami nikajua kitu ambacho hakikuwapo.

Nikalia hadi mama akatoka ndani. Kisha nikajifuta, nikacheka. Kwani nini? Eda haijesha! Anaweza kunirejea leo leo, bila ndoa mpya.

"Mwite, Pandu. Mpigie simu, mwambie nimesamehe. Mwambie avute hata kiko cha buruma akitaka."

Pandu akainamisha kichwa.

"Shemeji, kwani hujui? Kaoa."

"Kamuoa nani?"

"Nahla. Baada ya yale maneno, wateja walimkimbia. Kaka zake wakamfuata Msellem kibandani, wakamwambia umemchafulia dada yetu jina, mstiri kwa ndoa. Akaona hana namna. Ile harusi ya Ijumaa ndiyo yake."

Ijumaa. Kikuba changu. Usikizidishe asumini.

Mke mwenza nilimbuni mwenyewe, nikampa jina, nikamtangaza Chake nzima. Mume wangu akaenda kumuoa kwa sababu ya mdomo wangu.

Msellem alipiga simu usiku uleule. Sheria inampa kunirejea hata bila idhini yangu, lakini aliuliza. Ndivyo alivyo.

"N'kurejee, Mwanawema? Mtakuwa wawili. Nahla karidhia."

Nilimsikia anapumua, hakohoi tena.

"Kwa nini hukunambia?"

"N'liona bora unichukie kwa mwanamke kuliko unione n'mevunja kiapo cha baba'ko."

Nikamwambia hapana. Nahla amekwisha kupata ya kutosha kutoka kwangu, sitamwingilia chumbani pia. Na mimi siwezi kulala zamu na kusikia asumini kwa mwenzangu nikajua nimeitunga mimi.

Eda imekwisha jana. Leo asubuhi nimechuma asumini kama kawaida, nyingine zimedondoka mkekani na zipo palepale, hakuna wa kuziokota.

Wanawake wenzangu, ukisikia harufu usiyoijua, usiende nayo dukani kwa mtu.

Na nyinyi wanaume mnaoulizana vijiweni vepu itiwe ladha kiasi gani, mimi nimetunga harufu maisha yangu yote, nisikilizeni. Tieni kidogo. Kidogo sana, mkeo akinusa ajue ni moshi. Atakupigia kelele, atakununia, atakutajia marehemu baba yake. Kisha mtakula chakula cha usiku pamoja.